Saba ya Alto

Kwenye duka la fotokopi nyuma ya shule, saa sita na nusu mchana, wiki ya mitihani, ndipo Meity Tumilaar alipokutana na mtu aliyekuja kumharibia wimbo wake.

Duka lilikuwa limefurika. Wanafunzi wamebanana mpaka mlangoni, kila mmoja ameinua karatasi yake juu kama anaomba kura, na mashine mbili zinanguruma na kutoa joto utadhani ni tanuri za mikate. Meity alikuwa na miaka thelathini na sita. Alivaa sare ya kaki ya walimu iliyopauka kolani, viatu vilivyolika upande mmoja, na uso wa mtu aliyefundisha hisabati vipindi vitano mfululizo na bado ana kwaya saa nane. Alichotaka duniani wakati ule ni kiti tu.

Nyuma ya kaunta alikuwapo mtu mgeni, mpana wa mabega, mikono ya shati imekunjwa, vidole vyeusi kwa wino wa mashine. Alipokea karatasi ya Meity, akailaza kwenye kioo, kisha akaitoa tena. Akaitazama.

"Enci," alisema. Kule Manado, Indonesia, mwalimu wa kike huitwa Enci hata kama amechoka vipi. "Besi hii ataimba nani? Nyati?"

Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Ataimba anayeweza," Meity akajibu. "Wewe piga kopi."

"Nauliza tu, usinikasirikie. Tano yenye nukta chini, tena mapigo manne! Shule yenu ina vijana wa kufika huko?"

"Ninao wawili. Mmoja ana mafua."

Nota za kule ni namba: moja ni do, mbili ni re, mpaka saba ambayo ni ti, na nukta chini ya namba maana yake shuka. Watoto wa shule husoma namba hizo kama wanavyosoma saa. Kwa hiyo wote mle dukani walielewa yule bwana alikuwa anafanya nini alipofunika mashine, akasafisha koo, akaanza kuimba ule mstari wa besi, kuanzia mwanzo, bila haraka, mpaka kwenye ile tano ya chini kabisa. Akaishika mapigo yake manne. Msichana aliyekuwa anatafuna barafu akaacha kutafuna. Meity aliisikia sauti ile kwenye nyayo za miguu, jamani, ndani ya viatu vyake vibovu.

"Umejifunzia wapi?" akauliza, sauti imempungua.

"Kanisani. Besi miaka kumi na minane. Halafu nikaacha."

"Kwa nini?"

"Nilichoka."

Alilisema bila haya wala maelezo, na Meity akacheka, kicheko ambacho hata yeye kilimshangaza. "Basi karibu chamani," akasema.

Jina lake Alfrits Wowor, lakini Frits ilitosha. Umri wake thelathini na tisa, hakuwahi kuoa, alikuwa anamuuguza baba yake na kusimamia duka la binamu. Jioni ile ile akapiga simu.

"Namba yangu umeipata wapi wewe?"

"Umeiandika mwenyewe juu ya karatasi. 'Ikipotea piga namba hii.' Sasa nimepotea mimi."

"Haya, maneno hayo ulimwambia nani kabla yangu?"

"Nimeyatunga sasa hivi, Enci. Naona yametoka vibaya kidogo. Umekula?"

Swali hilo ndilo lililommaliza. Watu walikuwa wanamuuliza Meity kama amesahihisha mitihani, kama amejaza fomu, kama kwaya itaimba kwenye sherehe ya mkuu wa wilaya. Kama amekula, hakuna aliyeuliza tangu mama yake afariki.

Wakawa wanakutana Jumamosi kando ya ghuba, wanakula ndizi za kukaanga kwa pilipili mpaka machozi yanawatoka. Frits anakuja na shati lake la buluu lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Meity anakuja na daftari lake la nota, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku yake ya kupanga sauti na Jumamosi kichwa kimeshaanza kazi.

Nikwambie jinsi alivyopanga, maana hapo ndipo penye hadithi yote. Meity hakupanga sauti kama vitabu vinavyosema. Alipanga kwa makoo aliyokuwa nayo. Alikuwa na soprano watano, mmoja tu jasiri. Alto ishirini na wawili, maana kila msichana mwenye haya hukimbilia alto. Teno watatu ambao sauti zao zilikuwa zinavunjika wiki hadi wiki, basi akawaandikia nota nne tu na kuwahamisha nazo kila mwezi. Na besi wawili, mmoja na mafua yake. Nyimbo za madukani hawakuziweza. Za Enci Meity waliziweza, kwa sababu kila nota ilishonwa kwa kipimo cha mtu fulani.

"Mstari huu wa yule Prisilia, msichana wa alto?" Frits akauliza siku moja, kidole cheusi juu ya ukurasa.

"Umejuaje?"

"Unapanda halafu unaogopa, unarudi."

Meity akalivuta daftari lake. "Frits, wewe unanitisha."

"Mimi? Mtu wa fotokopi?" Akaanza kuiimba besi yake kwa sauti ya chini, mdomo umejaa ndizi, na Meity akampiga kofi la begani huku anacheka.

Lakini mwezi wa nne mkuu wa shule, Ibu Sompotan, alimwita ofisini. Alikuwa mama wa makamo, nywele zimefungwa nyuma vizuri, hana maneno mengi.

"Enci Meity, miaka mitatu tunaishia nusu fainali. Mwaka huu mkikosa fainali ya mkoa, mwakani tutachukua nyimbo zilizopangwa tayari huko Jakarta, na mkufunzi atoke nje. Wewe utapumzika."

Utapumzika! Neno zuri, lakini lilimchoma. Hisabati alifundisha kwa ajili ya mshahara. Fomu alijaza kwa ajili ya ofisi. Kitu kimoja tu kilikuwa chake, na hicho ndicho walichotaka kumpumzisha nacho. Usingizi alikuwa anautamani, ndiyo, lakini si usingizi wa namna hiyo.

Kwa hiyo akaamua kutoa wimbo aliokuwa ameuficha miaka minne. Ulikuwa wimbo wa kuaga, ule ambao kina mama wa Tondano huuimba nyumbani kwa marehemu. Aliupanga Jumapili sita. Na kwenye kila ubeti, soprano wakiwa wameshika moja, akawaandikia alto saba, chini yake kabisa, bega kwa bega, zisuguane mapigo mawili, ndipo alto washuke kwenye sita. Aliwafundisha kwa mdomo, ubaoni, bila karatasi. Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya tatu waliinyamazia. Prisilia alisema, "Enci, hapa inauma halafu inapona."

Kwa nini saba, hakumwambia mtu. Hata Frits hakumwambia.

Mashindano yalikuwa na kanuni moja kali: kinachoimbwa lazima kiwe kile kilichoandikwa kwenye karatasi walizokabidhiwa majaji. Nakala saba, Ijumaa, kabla ya saa tisa. Ijumaa hiyo Meity alikuwa anasimamia mitihani na homa juu, macho yanawaka. Akapita dukani asubuhi.

"Frits, zipige saba, uzipeleke mwenyewe kwa kamati. Sina mtu mwingine."

"Umekula?"

"Nitakula."

"Mei, unatetemeka."

"Frits, karatasi!"

"Haya, haya. Zimefika hizo. Nenda kalale ukimaliza, kipenzi."

Akalala kweli, kuanzia saa saba mpaka jioni, simu iko chini kabisa ya mkoba.

Siku ya mashindano watoto waling'aa: mashati meupe, mikanda myekundu ya kufumwa, nywele zimebanwa, viatu vya kuazimana. Wakaimba. Alto ishirini na wawili walipoweka ile saba chini ya soprano, jaji mmoja mzee akainua kichwa, akaangalia karatasi yake, akainua tena. Meity alikuwa ameunyoosha mkono hewani. Aliona ukumbi mzima umetulia. Akajua wamefika.

Walikosa fainali kwa pointi moja na nusu.

Karatasi ya majaji ilisema: *Alto, beti zote tatu, wanaimba nota isiyoandikwa.*

"Enci, tuliimba vile vile ulivyotufundisha," Prisilia akalia, mkanda umemshuka mpaka magotini. "Si ndiyo, Enci? Si vile vile?"

"Vile vile, mwanangu. Hamkukosea."

Akaomba nakala ya jaji, akaitazama. Kwenye ubeti wa kwanza, mstari wa alto, mahali pa saba palikuwa na sita. Wa pili, sita. Wa tatu, sita. Na haikuwa sita yake. Sita yake ilikuwa ya haraka, mkia umelegea. Hii ilikuwa na tumbo la mviringo mzuri, sita ya mtu anayeandika lebo za majalada kutwa nzima.

Jumatatu mchana alifika dukani bado amevaa kaki, akawapita wanafunzi wote bila kupanga foleni.

"Nani aligusa saba yangu?"

Frits alitabasamu, maskini. Alikuwa hana habari. "Ah, ile! Nilikupigia mara tatu hukushika, na saa nane ilishapita. Soprano juu ya moja, alto kwenye saba, Mei, zinagongana kabisa! Nikajua homa hiyo. Nikapaka wino mweupe, nikaiweka sita. Nimekunusuru."

"Umeninusuru."

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

"Tumekosa fainali, Frits. Kwa zile saba. Watoto waliimba nilichoandika mimi, majaji wakasoma ulichoandika wewe."

Frits akakaa juu ya boksi la karatasi. Mashine iliendelea kutema kopi za mtu bila msimamizi.

"Nilidhani watakuwa na karatasi mikononi," akasema taratibu.

"Watoto wangu hawasomi karatasi. Wananisoma mimi. Na kwa nini hukuniambia? Umekaa nayo tangu Ijumaa!"

"Niliona aibu kukuambia umekosea."

"Sikukosea!"

Foleni nzima ikamgeukia, kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakuna aliyekuwa anaimba.

"Ofisi inanisahihisha," Meity akasema, sauti imeshuka. "Wazazi wananisahihisha. Siku ulipoimba ile besi hapa nilijua nimempata mtu mmoja anayenisikia. Kumbe na wewe ulikuwa unasoma ukiwa na wino mweupe mfukoni."

"Mei, mpenzi, nisikilize..."

"Nimechoka kusikiliza."

Akaondoka. Jioni simu iliita, hakushika. Kesho yake iliita mara nne. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, kila siku, saa moja jioni: *Umekula?* Hakujibu. Mwisho wa wiki ya pili ujumbe nao ukakatika, na hapo ndipo Meity alipogundua kwamba alikuwa anausubiri.

Ibu Sompotan alitangaza kwenye kikao cha walimu kuwa mwakani mkufunzi atatoka nje. Hakuna aliyepinga. Walimu wawili walimpongeza Meity kwa kupata nafasi ya kupumua. Alirudi darasani, akaliweka daftari la nota juu ya kabati, chini ya vitabu vya aljebra vya zamani, akafundisha milinganyo mpaka kengele ikalia. Jumapili ilipofika alifua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Mkono wake ulikuwa unaandika namba juu ya povu.

Wiki ya nne, baada ya kipindi cha tatu, akaitwa ofisini. Alipoingia, Frits alikuwa amesimama mbele ya meza. Shati la buluu lilikuwa limepigwa pasi mbele na nyuma. Vidole alivisugua mpaka ngozi imekuwa nyekundu, na bado wino ulibaki kwenye kucha. Mkononi alishika ile karatasi ya asili, yenye mabaka matatu meupe.

"Bwana huyu amenieleza kila kitu," Ibu Sompotan akasema. "Amekwenda na kwa kamati pia."

"Matokeo hayabadiliki," Frits akasema haraka. "Niliwaambia kosa ni langu. Wakaweka barua yangu kwenye faili, basi." Kisha akamgeukia Meity. "Enci, sikuja kujitetea. Nina swali moja, na nilipaswa kuliuliza Ijumaa ile kabla ya kushika brashi. Ile saba ni ya nani?"

Ni ya nani! Si ya nini. Meity akavuta kiti bila kukaribishwa, akakaa.

"Ya mama yangu," akasema. "Tondano, msibani, kina mama wakiimba ule wimbo, wote walikuwa wanafika juu pale kwenye moja. Mama hakufika. Alikuwa anaishia chini kidogo, na hashuki, anang'ang'ania hapo hapo, mbishi, mpaka wenzake wanamwangalia. Halafu anacheka na kushuka. Kila msiba. Nilikuwa naona aibu nilipokuwa mdogo. Siku tulipomzika yeye, wakaimba wimbo huo huo, na wote wakafika juu. Uliimbwa safi kabisa, Frits. Sikuwahi kusikia kitu kibaya namna ile."

Frits aliyatazama yale mabaka meupe, na machozi yakamtoka waziwazi, mtu mzima na mabega yake yale.

"Nimemfuta mama yako mara tatu," akasema.

"Hukujua. Nami sikukwambia."

Ibu Sompotan alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Waite watoto," akasema.

Waliimba uani, chini ya paa la mabati, wengine bado na kalamu masikioni. Mara ya kwanza Meity aliwapa sita, kama ilivyosomwa na majaji. Ilikuwa tamu na haikuwa na kosa. Mara ya pili akawapa saba. Frits alisimama nyuma ya besi wawili na kuishika tano ya chini, na alto wakaisugua saba yao chini ya soprano, wakashuka. Mkuu wa shule alikuwa ameshika nguzo.

"Nyanya yangu alizikwa Tondano," akasema walipomaliza, kama mtu anayetoa taarifa. Kisha akarekebisha sauti. "Mkufunzi nimeshamwandikia, siwezi kumrudisha. Mwakani nyimbo mbili zitatoka nje. Wa tatu utauandika wewe, Enci. Na karatasi uzipeleke mwenyewe."

Haukuwa ushindi. Theluthi moja ya kitu chake kilichokuwa kizima. Lakini Meity alikuwa ameshachoka kiasi cha kujua thamani ya theluthi.

Watoto wakarudi madarasani. Frits akabaki, amesimama upande upande kama mwanafunzi aliyechelewa, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimeandika mwenyewe," akasema. "Mistari miwili tu. Alto na besi."

Meity akaikunjua. Namba zilikuwa za mviringo, nadhifu, za lebo za majalada. Alto alikaa kwenye saba kutoka mwanzo hadi mwisho, besi kwenye moja, wanasuguana bila kupumzika, hakuna anayeshuka. Na chini ya namba, silabi moja moja, maneno: *Me-i-ty Tu-mi-la-ar u-ta-ku-ba-li ku-o-le-wa na-mi.*

Alisoma mara mbili. Akatoa kalamu, mazoea ya mwalimu.

"Hapa kwenye 'kubali' umeweka mapigo matano. Wimbo ni wa manne."

"Sahihisha."

"Na hapa nukta umeiweka juu. Ukiimba hivi utapasuka koo."

"Sahihisha, Enci. Ni haki yako."

Ncha ya kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Meity alilitazama lile pigo la tano, limejibanza mwishoni bila mahali pa kukaa. Akaifunga kalamu.

"Nimechoka, Frits. Nisikudanganye. Nikiwa mkeo nitaendelea kuchoka hivi hivi."

"Hata mimi. Tutachokea nyumba moja."

Kengele ikalia. Kidato cha pili, milinganyo. Meity alijifuta macho kwa mkono wa kaki, akaikunja ile karatasi kama alivyoikuta, mara nne, akamrudishia.

"Piga kopi mbili," akasema. "Moja yangu, moja yako. Na usiguse kitu."